Machale ya wodini siyo uchawi

Wanafunzi wakija field huwa wananiuliza, sista ulijuaje yule mama atabadilika? Jibu la haraka ni machale tu yalinicheza, ila ukinikalisha nikakumbuka vizuri kuna kitu nilikiona.

Chukua mama kajifungua usiku, presha 110 kwa 70, faili safi kabisa, lakini anapiga miayo, anaomba maji kila saa, anasema anasikia baridi wakati wodi nzima tunajipepea na mafaili, na mtoto analia pembeni hata hageuki. Hapo mi sisubiri, nafunua kanga niangalie pedi, nashika tumbo kama mfuko wa uzazi umekaza au umelegea, nahesabu mapigo dakika nzima. Maana mama kijana anaweza kupoteza damu nyingi tu na presha isitikisike, mapigo ndo yanatangulia kupanda, presha ikija kushuka ujue mmeshachelewa. Mapigo yakiwa 104 gawanya kwa ile 110 ya juu, unapata karibu 0.95, na kuanzia 0.9 ni ya kushtuka. Namba hiyo ndo ya kumpigia dokta saa tisa usiku, sababu ukimwambia tu "dokta sijapenda anavyoonekana" wengine watakujibu endelea kumuangalia.

Patricia Benner, nesi wa Marekani, aliliandika hili mwaka 1984, kwamba mzoefu anamuona mgonjwa mzima mzima kabla hajaanza kuchambua vipande. Nakubaliana naye, ila uzoefu wenyewe ni wa wodi yako, nihamishe leo ICU ya watoto machale yangu yote sifuri.

Kinachonikera ni machale ya upande wa pili, lile la "huyo anadeka tu." Nalo linajiita uzoefu! Sista mkubwa akishalisema zamu ya asubuhi, mpaka usiku hakuna anayeenda kufunua shuka, na mama wa watu kweli ana maumivu.

Kwa hiyo siku hizi tukikabidhiana zamu nawauliza, nani hujampenda leo? Mwanzoni walikuwa wanacheka, sasa wanataja vitanda, tunaenda kupima upya kabla ya kusaini, na pumzi pia tunazihesabu kweli, siyo zile za wodi nzima kuandikiwa 20, jamani, watu thelathini wote wanapumua sawa?