Daftari la Takwimu Ufuoni Dunga

Leo asubuhi nilishuka ufuoni Dunga, hapa Kisumu, kununua samaki aina ya ngege wa chakula cha mchana, nikasikia mtu akiniita kwa jina la utani ambalo sikuwa nimelisikia tangu tuondoke Chuo Kikuu cha Maseno.

Alikuwa mwenzangu wa darasa la takwimu, yule aliyetufundisha usiku wa kuamkia mitihani. Bila yeye, nakiri, nisingehitimu.

Siku hizi anafuga samaki katika vizimba ziwani.

Kilichonigusa ni daftari lake. Kurasa za mwanzo bado zina milinganyo ya mihadhara kwa wino uliofifia. Za nyuma ameandika kilo za chakula, joto la maji na idadi ya samaki waliokufa kila siku, na magamba mawili yamenata pembeni mwa ukurasa.

Amechora hata grafu! Akanieleza kwamba maji yakipoa samaki hula kidogo, hivyo hupunguza chakula kisizame bure.

Bei ya ngege wake, hata hivyo, hakunipunguzia.

Nanyi tuliosoma pamoja pale Maseno, Ikweta inapopita, mko wapi na mnafanya nini? Niandikieni hapa chini.