Somo la Pili

"Mama, kwa nini dada haendi jumuiya?"

Aliuliza mwanangu akiwa ameshika kiatu kimoja, tukijiandaa kwenda jumuiya, sala yetu majirani Wakatoliki, Jumamosi iliyopita, saa kumi na mbili kasoro robo, giza bado halijatoka vizuri. Dada mwenyewe, binti wetu wa kazi, alikuwa uani anapepea jiko la mkaa na anasikia kila kitu. Nikatoa jibu la watu wazima: "Vaa kiatu, tumechelewa."

Ningejua tu. Jumapili iliyokuwa inakuja ilikuwa ya 26 ya Mwaka B katika mzunguko wa masomo ya Misa, na somo la Yakobo sura ya tano hurudi kila baada ya miaka mitatu kama mtu anayekudai. 2018 nilisingizia mafua. 2021 nilikuwa safarini, kweli kabisa. 2024 akamtuma mtoto.

Basi acha niseme. Ilikuwa Septemba 26, 2015, tukiwa bado Tabata.

Jumuiya yetu ile (mtakatifu msimamizi wake simtaji, asije akanisemea kwa Mungu) ilikuwa na sifa parokia nzima. Mjane mmoja alipofungiwa nyumba na shemeji zake, hata arobaini haijafika, tulikwenda naye kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, akina mama kumi na wawili na rozari zetu, hatukuondoka mpaka ufunguo ukatoka. Hakuna aliyetutuma. Paroko alisikia baadaye, kama watu wengine. Mwenyekiti wetu wa jumuiya, mzee mstaafu wa bandari, alipenda kusema kwamba maaskofu wa AMECEA, umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogo ndogo kipaumbele mwaka 1976 hawakuwa na maana tukutane kukusanya bahasha. Aliwahi hata kutufanyia semina ya Rerum Novarum, barua ya Papa Leo wa Kumi na Tatu ya 1891, juu ya mfanyakazi na ujira wa haki. Tulitikisa vichwa sana siku ile. Tulidhani inahusu viwanda.

Siku hiyo zamu ya kukaribisha sala ilikuwa kwa mhazini wetu. Mama mchangamfu, mkono wake mwepesi wa kutoa. Ule ufunguo wa mjane ulitoka kwa sababu ya mdomo wake, si wa mwingine. Sebuleni viti vya plastiki, mkeka wa watoto, stuli imefunikwa kitambaa cheupe, juu yake Biblia, msalaba na mshumaa. Kwa kawaida tunatafakari Injili ya Jumapili. Ya wiki ile ilikuwa Marko, ile ya mkono ukikukosesha ukate. Mhazini akasema watoto wapo, wataota usiku, tuchukue somo la pili, la Yakobo. Tukakubali. Mwenye nyumba ana neno lake.

Akapapasa miwani, hakuiona. Akamwita binti wake wa kazi, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mikono imelowa. "Njoo utusomee, wewe si umemaliza la saba?"

Binti akajifuta kwenye kanga. Hakukaa kwenye kiti. Alipiga magoti mkekani pamoja na watoto. Akasoma. Alinishangaza, kwa sababu miezi yote ile sikuwahi kumsikia akisema zaidi ya "shikamoo" na "karibu". Alisoma taratibu, akitua penye kutua, kama katekista. Matajiri walie. Dhahabu imeingia kutu. Kisha ule ujira wa waliovuna mashamba, uliozuiwa kwa hila, unapiga kelele.

Tulikuwa tunafuata zile hatua saba za kutafakari Neno. Mlio jumuiyani mnaijua hatua ya tatu: kila mtu anachukua neno au kifungu kilichomgusa, anakitamka mara tatu, na kimya kidogo katikati. Huelezi chochote. Maelezo yana hatua yake. Bibi wa nyumba ya kona akaanza, "Bwana wa majeshi." Mwenyekiti akachukua "siku za mwisho." Mimi, katibu, nilishajichagulia "kutu". Fupi, halimgusi mtu.

Kabla sijafungua mdomo, binti, ambaye hakuna aliyekuwa amemhesabu, akasema:

"Ujira unapiga kelele."

Nje kulikuwa na bodaboda inakataa kuwaka. Jamaa anapiga kiki, inakohoa, inazima.

"Ujira unapiga kelele."

Nta ilikuwa imejaa kwenye ukingo wa mshumaa. Niliitazama ikifurika, ikateremka upande mmoja, ikagusa kitambaa cheupe na kuanza kuganda. Siku nyingine yeyote kati yetu angeruka kuifuta. Mhazini alikuwa anatazama viganja vyake. Mtoto mmoja akacheka, akafinywa.

Mara ya tatu alisema polepole zaidi, bila kuinua macho. Ningependa kuwaambia kwamba sauti yake ilikuwa na hasira. Ningejua pa kuiweka kumbukumbu hii. Haikuwa na hasira. Alisema kama mtu aliyeambiwa kila kifungu kinasemwa mara tatu, naye anatimiza.

Mwenyekiti hakuruka hatua hata moja. Tulipofika ya sita, ile ya kujiuliza tumeitwa kufanya nini wiki hii, ambayo kwetu huishia kumtembelea mgonjwa, bibi wa kona akamgeukia binti.

"Mwanangu, unadai?"

"Miezi saba, bibi."

"Namtunzia," mhazini akadakia. "Siku anaondoka nampa zote kwa pamoja. Hawa watoto ukiwapa hela mkononi, mji unawameza. Nyie wenyewe si mnajua?"

Tulijua. Kila mtu akapata kitu cha kutazama sakafuni. Maana kutunza, tulikuwa tunatunza wengi. Mimi nilikuwa namtunzia wangu miezi miwili, na hiyo hela haikuwepo popote, ilishakwenda ada. Mwenyekiti akasema kwamba amri ya mishahara ya 2013 inataja shilingi 40,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri. Aliisema kwa sauti ndogo, kama anasoma tangazo la ndoa lenye pingamizi. Mimi wangu nilikuwa namlipa 30,000, miezi ninayolipa.

Kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Katibu ndiye anayeandika maazimio kwenye kaunta buku. Mhazini alinitazama, hakuomba kitu. Nikaandika: "Hatua ya sita: kumtembelea mgonjwa Kimanga." Mgonjwa alikuwepo kweli. Tulikwenda, tukampelekea sukari.

Yaliyofuata yalikwenda mbio. Jioni ile bibi wa kona na mwenyekiti walirudi pale wawili tu, bila kaunta buku. Wiki mbili baadaye binti alipanda basi Ubungo, enzi hizo stendi haijahamia Mbezi, akiwa na begi jipya. Kuna wanaosema alilipwa zote, kuna wanaosema nusu. Mhazini akaacha kuja, halafu tukasikia anasali jumuiya ya mtaa wa pili. Yule mjane wetu wa ufunguo alitukasirikia sote: yule mama ndiye aliyempigania, na sisi tumemwaibisha ndani kwake. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Sisi wengine tulipona kwa sababu zamu haikuwa kwetu.

Wa kwangu nilimlipa wiki ileile. Nilikopa kwenye mfuko wa jumuiya. Kwenye daftari nikaandika "dharura".

Jumamosi iliyopita, huku tulipo sasa, tulitafakari Injili. Mkono ukikukosesha ukate. Hakuna mtoto aliyeota. Tuliporudi, mwanangu akamwuliza dada mwenyewe, kwa sababu mimi nilikuwa sijamjibu. Dada akacheka, "Nani atapika chai?" Huyu nampa hela yake kwa simu kila tarehe 30. Karibu kila tarehe 30.

Jumamosi hii zamu ni kwetu. Nimemwambia atoe viti, na kimoja kiwe chake. Akauliza kama na yeye atasoma. Kabla ya kumjibu nilikwenda kufungua kitabu cha masomo. Somo la kwanza ni Mwanzo, Adamu na ubavu wake.

Nikarudi nikamwambia, soma tu.