Siku moja maishani mwangu: polisi jeshi wa mwaka 1944

Saa 11:00 alfajiri. Hemani bado giza, nami nafunga kamba za vifunika miguu vya turubai kwa kupapasa. Wenzangu wa kikosi cha miguu wana saa nzima ya kulala. Katika maigizo haya ya kihistoria wao ni askari wa Marekani waliotua Normandy, Ufaransa, mwaka 1944, na mimi ni polisi jeshi wao. Sare zetu ni moja, ila mimi nina kitambaa cha buluu iliyokoza kwenye mkono wa kushoto, chenye herufi nyeupe MP (Military Police, yaani polisi jeshi), herufi hizohizo kwenye kofia ya chuma, na filimbi. Simu naizima na kuizika chini kabisa ya mkoba. Siwezi kumkemea mtu kwa saa yake ya kisasa huku mfukoni mwangu kunaita.

Saa 12:30 asubuhi. Ukaguzi wa silaha. Waigizaji wengine wote wanajifanya, lakini polisi jeshi kazi anayoiigiza anaifanya kweli, na hapa ndipo inapoanza. Kila bunduki inayoingia uwanjani inapita kwangu na kwa msimamizi wa usalama: fungua chemba, tazama, ingiza kidole, tazama tena. Tunatumia risasi baridi, zenye baruti bila kichwa, lakini gesi ya moto inayotoka kwenye mtutu inaweza kumjeruhi aliye karibu. Yupo mkongwe mmoja anayenung'unika kila mara: "Afande, mimi unanijua." Nakujua, ndugu yangu. Fungua chemba.

Saa 2:30. Msafara wa malori na jipu za zamani unaingia. Saa hii ndiyo naipenda kuliko zote.

Watu hudhani polisi jeshi alikuwa wa kukamata walevi tu. Marekani ilikifanya Kikosi cha Polisi Jeshi kuwa tawi la kudumu la jeshi lake tarehe 26 Septemba 1941, na vitani sehemu kubwa ya kazi yao ilikuwa barabara. Majeshi yalipochomoka Normandy yalikwenda mbio hadi yakayaacha nyuma mafuta na risasi zao. Ndipo ukaanzishwa Red Ball Express, msafara wa malori uliofanya kazi kuanzia 25 Agosti hadi 16 Novemba 1944, usiku na mchana. Barabara moja ilikuwa ya kwenda na mzigo, nyingine ya kurudi matupu, na magari ya kiraia hayakuruhusiwa humo. Takriban robo tatu ya madereva walikuwa Wamarekani weusi. Kwenye njia panda alisimama polisi jeshi, kwa sababu lori moja likikata kona isiyo yake, shehena ya mafuta ya vifaru inaishia kijiji kisichohusika.

Kwa hiyo ninapopuliza filimbi na kunyoosha mkono, lori linasimama kwelikweli, maana nyuma yake kuna mama anasukuma kigari cha mtoto. Mipaka yangu lakini ni lango. Barabarani nje magari yanaongozwa na askari wa usalama barabarani wenyewe, na sisi haturuhusiwi kusogea huko tukiwa na sare. Mtu wa kawaida akikuona umevaa neno polisi, atakutii kabla hajafikiri. Utii huo si wetu kuuchezea.

Saa 5:00. Kizuizi. Tunaigiza Desemba 1944 katika misitu ya Ardennes, pale askari wa Kijerumani wa kamanda Otto Skorzeny walipopenya wakiwa wamevaa sare za Kimarekani, na kila kizuizi kikageuka chumba cha mtihani. Jenerali wa Kimarekani Omar Bradley mwenyewe alisimamishwa akaulizwa mji mkuu wa jimbo la Illinois. Akajibu Springfield, na alikuwa sahihi. Mlinzi akashikilia kwamba ni Chicago, ingawa alimwachia apite. Kisa hiki watoto wanakipenda mno. Wanataka wasimamishwe, waulizwe, wakatae kujibu, wakamatwe. Leo mmoja amegoma kuachiwa.

Saa 7:30 mchana. Vita kuu, ambayo mimi siioni. Milio, moshi na vifijo vyote viko mgongoni mwangu; uso wangu umeelekea watazamaji, kwenye kamba. Pamoja na bastola kiunoni, mamlaka niliyo nayo juu yao ni adabu tu. Bwana mmoja anainama kupita chini ya kamba apate picha nzuri. "Mzee, rudi tafadhali, pale mbele kuna fataki zilizotegwa." Anarudi. Angekataa ningepuliza filimbi mara tatu, na vita yote ingesimama.

Saa 9:00. Wafungwa wa Kijerumani wanakabidhiwa kwetu, tunawapekua, tunawapanga. Kisha wote tunapiga picha pamoja, jambo ambalo silipendi ila nimeshindwa kulizuia.

Hapo binti mmoja ananiuliza kama watu weusi wenye sare hii walikuwepo kweli. Walikuwepo, lakini siwezi kuishia hapo. Namwambia habari za Bamber Bridge, Uingereza, Juni 1943: polisi jeshi weupe waligombana na askari weusi wa kikosi cha malori, risasi zikalia, na askari mweusi William Crossland akafa. Uchunguzi uliwalaumu sana maofisa weupe na polisi jeshi hao, na baadaye doria zikachanganywa rangi. Wapo wenzangu wanaosema habari hizo zinaharibu sherehe. Mimi naona ukivaa kitambaa hiki umevaa na hayo. Tumesimama pale karibu nusu saa, na mwishoni nimempa kofia aijaribu uzito wake.

Saa 11:30 jioni. Magari ya wageni yanatoka kwa pamoja, vumbi tupu. Silaha zinahesabiwa tena kwa kufuata orodha ya asubuhi. Kijana wa kikosi cha miguu anakuja mbio: amechoka kufa kila vita, anaomba ahamie kwetu. Nimempa filimbi ya akiba na kumpeleka maegeshoni.