Kaseti za Baba: ngurumo imepatikana

Jumamosi. Kaseti 14 za benga, alizozinasa Baba enzi za Sauti ya Kenya kwa kuweka rekoda mbele ya redio. Nazihamishia kwenye kompyuta. Deki sasa inazunguka sawasawa tangu niibadilishie mkanda wa mpira. Kinachonisumbua ni kompyuta. Kabla hata ya kubonyeza deki nasikia ngurumo nzito, na juu yake mlio mwembamba unaochakarika kila ninaposogeza kipanya.

Nilishaanza kuulizia bei ya kadi mpya ya sauti. Kumbe ni kelele mbili, kila moja na asili yake, nami siku nzima nazitibu kama moja.

Ule mlio ulitoka kwenye tundu la mbele. Waya wake hukatiza ndani ya kasha, ukapita karibu na kadi ya grafiki na kuokota kila kinachotetema humo. Nimehamia tundu la buluu la nyuma, lililoungwa moja kwa moja kwenye mazabodi, ile bodi kuu ya kompyuta. Halafu nikazima maikrofoni kwenye miksa ya programu. Nyongeza yake ya desibeli 20 ilikuwa wazi bila sababu. Mlio kwisha.

Jumapili. Ngurumo bado. Nimerekodi ukimya wa sekunde 30 kwa Audacity, programu ya kurekodi sauti, na kutazama mchoro wa masafa: kilele kwenye hezi 50, kingine 100, kingine 150. Huo ni umeme wa ukutani, kadi haina kosa. Jioni, nikipitisha mgongo wa mkono kwenye kasha, nikahisi kama sisimizi wanatembea. Hapo nikashtuka.

Nikachomoa kila kitu, nikafungua ekstensheni. Plagi ina pini tatu, lakini ndani ya kebo mna nyaya mbili tu! Ethi, ule waya wa usalama unaokwenda ardhini, hakuna. Pawasaplai ya kompyuta ina kapasita ndogo zinazopeleka uchafu wa umeme kwenye ethi. Ethi ikikosekana, kasha lenyewe huelea kwenye takriban nusu ya volti 240. Mkondo ni mdogo sana, ila hutafuta njia, na kwangu uliipata kwenye waya wa sauti unaokwenda deki. Wapo wanaoshauri kukata pini ya ethi ili kuua ngurumo. Tafadhali, usithubutu. Pini hiyo ndiyo inayokulinda siku waya wenye moto utakapogusa chuma.

Jumanne. Luthuli, mtaa wa maduka ya elektroniki Nairobi, baada ya kazi, natafuta ekstensheni nyingine. Nimemwomba muuzaji, "Bosi, nifungulie nione nyaya." Ya kwanza mbili, ya pili mbili, ya tatu ndiyo ilikuwa na ule wa ethi, wa kijani na njano. Jirani yangu fundi wa umeme amepima soketi ya ukutani kwanza, ethi ipo.

Ngurumo imeshuka kutoka desibeli -48 hadi -71. Uliobaki ni mvumo wa tepu yenyewe, na sitaugusa. Kaseti ya tatu, katikati ya gitaa, sasa anasikika Baba akimwambia mtu afunge mlango, kuku wanaingia. Upande wa pili unasubiri: kile kipande cha sponji kinachobana tepu kimebanduka, kesho nakigundisha.