Siku Moja Maishani Mwangu: Mwinjilisti na Spana, Seme

Saa 11 alfajiri

Zaburi moja, maombi, chai ya rangi. Kisha mkoba wa kutengenezea pampu za visima unakaguliwa juu ya meza, maana kilichosahaulika Kisumu mjini hakipatikani Seme, vijijini magharibi mwa mji.

Pampu ya mkono tunayokutana nayo zaidi huku ni Afridev. Ilibuniwa miaka ya 1980 kati ya Malawi na Kenya kwa nia kwamba wanakijiji waifungue wenyewe, bila winchi wala lori, na ndiyo maana mkoba ni mwepesi: spana moja, ndoano ya kuvulia vali ya chini, sili mbili za pistoni (mpira unaozuia maji kuvuja) zenye umbo la U, bobini nne za mpira (vizibo vya vali), pete za mpira, bushi za plastiki (mikono inayozunguka mhimili wa mpini), msasa, gundi ya mabomba, kitambaa kikavu, kamba ya nailoni, na ndoo ya lita 20 yenye alama za lita kwa ndani. Kitabu cha nyimbo kinakaa mfuko wa nje, mbali na grisi.

Kwenye karatasi kazi hii ni uinjilisti. Mtanzania kama mimi akivuka mpaka wa Sirari kuingia Isebania anapita kwa urahisi, lakini akitaka kukaa Kenya akihudumu anahitaji kibali cha daraja la I, cha shughuli za dini na hisani. Kibali hakitaji spana.

Saa 1 asubuhi

Bodaboda inapita Kisian, Holo, kuelekea Kombewa. Kushoto ni Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, na ng'ambo yake, upande wa Kendu Bay, iko Gendia. Waadventista walianza misheni yao pale mwaka 1906: Arthur Carscallen, Mkanada, na mwenzake Peter Nyambo aliyezaliwa Nyasaland, Malawi ya leo. Kwenye hotuba za misheni Nyambo hutajwa kwa nusu sentensi, kama hakutajwa kabisa, ilhali ndiye babu yetu sisi tunaotumwa kutoka nchi moja ya Kiafrika kwenda nyingine. Na huko kaskazini, Kaimosi, Wakweka (kanisa la Marafiki) wa Marekani walipofika mwaka 1902 hawakuona haya kujiita misheni ya viwanda. Mashine ya kupasulia mbao ilikuwa sehemu ya kazi yao tangu miaka ya mwanzo. Anayedhani mikono yenye grisi ni upungufu wa wito hajawasoma hao.

Saa 2 na nusu

Mgeni kutoka Mwanza akisikia akina mama wanasema wanakwenda soko, atatafuta nyanya. Kwa Kijaluo soko ni kisima. Mitungi (kwetu madumu) imeshapangwa foleni.

Hatufungui kitu kabla ya kupima. Kwanza pampu inapigwa hadi maji yatoke vizuri, halafu mpini unaachwa nusu saa bila kuguswa. Baada ya hapo tunahesabu: ikichukua zaidi ya mipigo 5 maji kurudi, safu ya maji ndani ya bomba imeshuka, kwa hiyo ama vali ya chini inavuja ama kuna kiungo cha bomba kilichoachia. Kipimo cha pili ni mipigo 40 kamili kwa dakika moja, maji yote yaingie kwenye ndoo. Yakiwa chini ya lita 10, sili ya pistoni imekwisha. Vipimo hivi viwili vinakuambia ununue nini kabla hujachafua mikono. Fundi anayevuruga pampu nzima ili aone tatizo liko wapi huondoka ameongeza la pili.

Ile nusu saa ya kusubiri ndiyo iliyobadilisha maana ya kazi hii. Hakuna anayeweza kuchota, hakuna anayetaka kupoteza nafasi kwenye foleni, na hakuna mimbari. Watu huuliza wenyewe. Mama mmoja atataka kujua kwa nini kanisa lidai ada ya maji, jaduong' (mzee) atauliza kuhusu mazishi na mila, msichana atauliza habari za ndoa. Yohana sura ya 4, Yesu na mwanamke Msamaria kisimani, haihitaji kufafanuliwa mahali kama hapa. Kwamba kisima ni kirefu na mgeni hana chombo cha kutekea, wasikilizaji wanaelewa haraka kuliko mhubiri.

Saa 4

Kazi ya kufungua ni ya mafundi wawili wa kamati ya kisima, wote akina mama. Mwinjilisti anashika daftari. Kanuni hii ni ngumu kuifuata kuliko inavyosikika, kwa sababu mkono wenye uzoefu huwa unawasha.

Kifuniko kinatoka, mpini unatoka, fito zinazounganisha mpini na pistoni zinaanza kupanda. Silinda, ambamo pistoni hupanda na kushuka, ikiwa mita 36 ardhini, ni fito 12 za takriban mita 3. Kila moja inalazwa juu ya turubai safi, kamwe si kwenye udongo, maana mchanga unaonata kwenye fito unarudi chini na kuila sili mpya. Pistoni ikitoka, ndoano inafungwa mwisho wa fito na kushushwa kuivua vali ya chini. Uzuri wa Afridev uko hapo: pistoni na vali vinapita ndani ya bomba lenyewe, mabomba hayaguswi.

Makosa tunayoyakuta yanajirudia. Sili kuwekwa kichwa chini ndilo la kwanza. Midomo yake lazima itazame juu, ndiko maji yanakosukuma, na ikigeuzwa pampu inapiga hewa. Bobini ngumu kama kigae inaonekana nzima lakini haizibi. Pete ya mpira ya vali ikijikunja wakati wa kushusha, jaribio la mipigo 5 litashindwa tena hapo hapo. Lakini uharibifu wa gharama kubwa huanzia juu, kwenye bushi. Bushi za plastiki zinafaa kubadilishwa kila mwaka. Zikiachwa, chuma kinasugua chuma, mhimili unalika, mpini unayumba, na kilichokuwa kipande kidogo cha plastiki kinakuwa kichwa kizima cha pampu.

Bomba likiwa limepasuka, hapo siku imekwisha. Mabomba yote yanapandishwa, na kiungo kipya kinataka subira: ncha zisuguliwe kwa msasa, zifutwe zikauke kabisa, gundi ipakwe pande zote mbili, halafu mtu asimame ameshika bila kuzungusha. Viungo vingi tunavyovikuta vimeachia viligundishwa vikiwa na unyevu, na mtu ana haraka ya kwenda kula. Kamba ya nailoni inafungwa kwenye bomba lote hadi juu, ili kiungo kikiachia tena bomba lisizame.

Saa 8 mchana

Ugali, omena, na kamati chini ya mwembe. Daftari la mweka hazina linafunguliwa kabla ya kusemwa lolote la kiufundi. Hapa kila mtungi unalipiwa shilingi 5. Mitungi 60 kwa siku ni shilingi 300, na fedha hizo zikikaa mahali penye sahihi tatu, sili na bushi za mwaka si tatizo. Zikikopeshwa kwa msiba wa mwenyekiti, ni tatizo.

Misheni nyingi hukosea hapa kwa huruma. Mgeni akileta sili za bure mara mbili, mara ya tatu kamati imeacha kukusanya. Kwa hiyo vipuri vinanunuliwa kwa hela ya kisima, na risiti inabandikwa kwenye daftari. Tumeshaitwa wachoyo kwa ajili hiyo, tena na Wakristo wenzetu.

Saa 10 jioni

Kisima kilichofunguliwa lazima kitiwe dawa ya klorini. Hesabu ni hii: shimo la kipenyo cha milimita 150 lina karibu lita 17.7 kwa kila mita. Maji yakiwa na kina cha mita 30, ni kama lita 530. Kwa kiwango cha miligramu 50 kwa lita tunahitaji gramu 26.5 za klorini, na kwa kuwa unga wetu una klorini asilimia 65, tunapima gramu 41. Kwa mzani, si kwa kijiko.

Ndoo iwe ya plastiki. Unga unamiminwa kwenye maji, si maji kwenye unga. Na unga huo hausafiri mfuko mmoja na petroli wala grisi, maana vikikutana vinaweza kuwaka. Mchanganyiko ukishaingia, pampu inapigwa mpaka harufu itoke mdomoni, kisha mpini unafungwa mnyororo hadi asubuhi. Mama mwenye ufunguo ndiye atakayepampu maji yamwagike mpaka harufu iishe, apime klorini, na asifungulie foleni kabla haijashuka chini ya miligramu 0.5.

Kuna siku mnyororo unasahaulika nyumbani. Hapo mtu analala kisimani.

Saa 2 usiku

Taarifa ya mwezi kwa kanisa lililotuma ina safu nne: ibada zilizofanyika, waliohudhuria, waliookoka, waliobatizwa. Leo zote ni sifuri. Chini kabisa kuna mstari mmoja wa maelezo mengine, na hapo inaandikwa kwa herufi ndogo ili itoshe: mipigo 3, lita 15 kwa dakika, mafundi wawili wamefunga wenyewe, spana imebaki kwao.