Mlango wa Kushoto

Mpwa wangu kajilaza sebuleni, simu iko puani, anaangalia mbio za magari za Marekani, zile za kuzunguka uwanja mpaka mtazamaji ashikwe kizunguzungu. Mara akanigeuzia simu. "Mjomba, hawa wanauza makochi au wanakimbiza magari?"

Gari jeusi, namba 78 mlangoni, na kwenye boneti limeandikwa Furniture Row.

Nikamwambia wanafanya vyote. Akacheka, akadhani ni zile porojo zangu. Basi nikamweleza kidogo: mwenye mali ni Barney Visser wa Denver, alipigana Vietnam, akarudi kwao akaanza kutengeneza mito ya kukalia, biashara ikakua hadi kuwa maduka ya vitanda na makochi, na mwaka 2005 akaanzisha timu yake ya mbio. Mtoto alisikiliza nusu, akarudi kwenye simu yake. Mimi ndiye niliyebaki nikiiwaza Datsun ya siku za baba yangu.

Mnaomjua huyo baba yangu, mzee wetu, mnajua hakuwa mtu wa makuu. Karakana yake ya useremala pale Kizota, Dodoma, ilikuwa mabati juu, jointa moja, ile mashine ya kunyoosha mbao, iliyogombana na umeme kila siku, na mafundi waliopokea chao Jumamosi jioni. Makochi, makabati, vitanda vya sita kwa sita. Mninga ulitoka Tabora kwa malori ya watu waliokuwa na njia zao, na hapo sitaingia ndani. Sasa mtu wa namna hiyo anaingiaje kwenye rali?

Aliingizwa na kijana mmoja wa gereji ya jirani, aliyekuwa akija kuomba vipande vya mbao vya kuwekea jeki. Kijana alikuwa na Datsun 160J aliyoifufua kutoka kwenye mabaki, na alikuwa na mdomo. Anakaa juu ya rundo la mbao, anasimulia jinsi ukoo huohuo wa Datsun ulivyompa Shekhar Mehta Safari Rally mara nne mfululizo, tangu 1979 hadi 1982. Mzee naye anajibu kwa ya kwake, Peugeot 404 ya Bert Shankland, mtu wa Dar es Salaam, aliyeichukua Safari mwaka 1966 na kuirudia 1967. Mzee aliisifu ile 404 kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwa kabati lolote. Nadhani kijana aliisikia hiyo sauti, akajua pa kugonga.

"Mzee, natafuta mdhamini," akasema siku moja. "Sitaki makubwa. Tairi nne na shokapu za nyuma."

Hela hatukuwa nayo. Ila kulikuwa na muuza spea pale Uhindini aliyekuwa anaoza binti, anatafuta kitanda, kabati la milango mitatu na dresingi tebo. Ikapangwa hivi: mzee atoe fenicha, muuza spea atoe tairi na shokapu, kijana atoe milango ya gari. Mlango wa kulia ukawa wa muuza spea, wa kushoto wetu. Mzee aliuchagua wa kushoto kwa makusudi, kwa sababu huku kwetu magari hukaa kushoto, na watu wa pembeni ya barabara huona ubavu huo kwanza. Alishinda na hilo wazo kwa furaha, kama vile amegundua kitu ambacho muuza spea hakukiona.

Mama alipinga tangu mwanzo. Aliuliza nani aliwahi kununua kochi kwa sababu kaona gari linapita mbio. Mzee akasema Wazungu wanafanya hivyo. Mama akasema Wazungu wana hela za kupoteza, akaandika kile kitanda, kabati na dresingi tebo kwenye daftari la mauzo, safu ya wadaiwa, na mbele yake akaandika "Datsun".

Akaitwa mchora mabango, yule aliyechora simba kwenye kuta za nusu ya baa za Dodoma. Gari lilikuwa jekundu, yeye akaandika kwa njano: jina la karakana, halafu FENICHA, halafu DODOMA. Mzee akasimama nyuma yake, akasema bado S.L.P.

"Mzee, gari litapita mwendo huo, nani atanakili S.L.P.?"

"Wewe andika."

Ikaandikwa, herufi ndogo chini ya kitasa, pamoja na namba yake.

Siku yenyewe ilikuwa Agosti, ile miezi ambayo upepo wa Dodoma hauna adabu. Magari hayakuwa mengi. Mbio za magari nchini siku zote ni mambo ya Dar, Arusha na Moshi, na waliokuja walishusha magari yao kutoka kwenye malori wakiitazama Datsun yetu kwa huruma ya kistaarabu. Wakaondoka Uwanja wa Jamhuri asubuhi, wakaenda kuzunguka huko Hombolo. Ya njiani nilisimuliwa tu, maana mimi na mzee tulibaki mwisho wa safari, pale ambapo magari yangerudi.

Tulibaki kwa sababu mzee alikuwa na mpango wa ziada. Alikuwa ameahidi kuleta viti vya wageni rasmi. Waandaaji wakadhani ni viti vya kukodi. Yeye akaleta seti nzima ya makochi ya mninga, vitambaa vya rangi ya maziwa, seti ambayo mteja aliyeiagiza alikuwa aichukue Jumatatu. Akayapanga chini ya turubai, akaweka stuli katikati na juu yake vitambaa vya kufuma vya mama, ambavyo mama hakuwa na habari navyo. Wageni rasmi wakakaa. Yeye akasimama pembeni, amevaa suti yake ya harusini, anapokea pongezi.

Gari la kwanza likaingia, na vumbi lake likaingia nalo. Wageni wakasimama, wakajikung'uta, wakakaa tena. Mzee akatoa leso, akafuta mikono ya makochi, moja baada ya jingine, akaikunja leso, akairudisha mfukoni. Gari la pili, vumbi, leso. Sijui lilikuwa gari la ngapi nilipoona kitambaa cha maziwa kimeshakuwa cha chai, naye bado anafuta mbao tu, kwa sababu mbao ndiyo kazi yake na kitambaa alikuwa ameshakikatia tamaa.

Halafu tukasikia la kwetu kabla hatujaliona. Ekzosi ilikuwa imekatika, na ule mlio ulitoka mbali huko, watu wakaanza kugeuza shingo. Likatokea likitupa ubavu wa kulia: jina la muuza spea lipo, lina matope, linasomeka herufi kwa herufi. Mzee akavuta koti likae sawa. Gari likakata kona kuingia getini, ubavu wa kushoto ukaja upande wetu, na pale palipotakiwa kuwa na jina letu palikuwa na mguu wa mtu.

Mlango haukuwepo. Navigeta, ambaye alikuwa shemeji yake kijana, amekaa hewani, mkono mmoja kashika fremu ya juu, ramani kaikalia isipeperuke, na kamba ya katani imepitishwa kiunoni na kufungwa huko nyuma ya kiti. Mwili mzima vumbi isipokuwa macho. Alionekana mtu aliyezikwa akabadilisha mawazo. Kiatu kimoja hana.

Mambo yangeweza kuishia hapo. Lakini mtangazaji alikuwa na karatasi yake, na karatasi hiyo mzee mwenyewe ndiye aliyeiandika usiku uliopita, kwa kalamu nyekundu. Kipaza sauti kikasema, kwa sauti ya kibosi kabisa: gari hili limeletwa kwenu na mafundi bingwa wa makochi, vitanda, makabati na milango imara.

Uwanja ulipasuka. Mgeni rasmi mmoja alicheka mpaka akateleza kwenye kochi. Mtangazaji hakuelewa, akadhani hawakusikia, akarudia: na milango imara.

Nilimwangalia mzee. Alibaki vilevile kwa muda, leso mkononi. Kisha akaenda moja kwa moja mpaka kwenye gari, akampa mkono yule navigeta, bila haja ya kufungua chochote, akamsaidia kufungua kamba. "Poleni sana," akasema. "Mmefika?" Swali la ajabu, mtu umemshika mkono. "Tumefika, Mzee," shemeji akajibu.

Kumbe walikuwa wameserereka wakaingia korongo la mchanga, gari likalala ubavu. Wanakijiji wakalisimamisha, mlango ukakataa kufunga, kijana akaung'oa akauacha hapohapo. Hawakuwa wa mwisho, na hilo mzee alilisema kwa kila mtu mwaka mzima.

Makochi tuliyapiga brashi usiku kucha. Mteja alipokuja aliuliza harufu ya vumbi inatoka wapi. Mama akamwambia, hii ni Dodoma.

Yule Visser nimeendelea kumsoma tangu siku ya mpwa wangu. Timu karibu zote za NASCAR, ndizo zile mbio za kuzunguka uwanja, ziko North Carolina, kuzunguka Charlotte. Yeye akaiweka ya kwake Denver, mbali na kila mtu, na Novemba 2017 dereva wake Martin Truex Jr. akachukua ubingwa kule Homestead, Florida. Visser mwenyewe hakuwepo. Moyo ulikuwa umemsumbua wiki chache kabla, akapasuliwa, na siku ya siku alikuwa Denver anauguza kifua. Mwaka uliofuata mdhamini mwenzake akajitoa, na mwisho wa msimu wa 2018 timu ikafungwa. Bingwa wa jana, kwisha.

Kwa hiyo kuna mtu ambaye duka lake lilitangazwa bingwa yeye akiwa hayupo, na kuna mzee wetu, yupo na suti yake, jina limebaki korongoni. Sijui nani alipata alichokilipia. Wakati mwingine nawaza kwamba seremala maisha yake yote anahakikisha kitu hakitikisiki, miguu minne iguse sakafu, droo isikwame, na huenda mtu wa hivyo ana kiu ya kitu kinachoruka. Wakati mwingine nawaza alitaka tu kumshinda muuza spea. Hayupo wa kuulizwa.

Ninalolijua ni kwamba wiki iliyofuata aliazima pikapu akaenda kuutafuta ule mlango. Nilikwenda naye. Tuliukuta kwenye zizi la mbuzi la mzee mmoja wa Kigogo, umefungwa kwa waya kwenye miti, umegeukia njia. Tukasalimiana mbukwenyi, tukapewa kigoda. Mwenye zizi akasema akiupata wa mbao atautoa huo. Mzee akaukagua, akaufungua akaufunga, akasogea nyuma mpaka njiani, akausoma wote, hadi S.L.P. Akamuuliza mwenye mbuzi ni watu wangapi hupita njia ile siku ya gulio. Tukarudi bila mlango. Mwezi huohuo ulitengenezwa mlango mmoja wa mabaki ya mninga ambao mama hakuuona kwenye daftari lolote, na nilivyosikia, ule wa mninga ulifungwa kwenye nyumba. Zizi liliendelea na wa Datsun.

Juzi nimempigia mama, nikamuuliza kama ule udhamini ulileta mteja hata mmoja.

"Yupo," akasema. "Yule mama wa Area C. Alikuja amecheka mpaka machozi, akaagiza kabati, akasema na milango yake msije mkaiacha Hombolo."

"Kumbe ililipa!"

"Alitoa nusu. Nusu nyingine bado namdai. Ukimwona huko mjini umkumbushe."