Kofia ya jino iliyonitoka mara mbili

Kofia ya gego langu, yaani kifuniko cha bandia alichonivalisha daktari juu ya jino, ilinitoka nikitafuna halua, harusini Wete, Pemba. Nikaibandika kwa supaglu (msijaribu, inaunguza ufizi), usiku ikatoka tena. Kliniki moja ya Chake ikataka nilipe kofia mpya.

Nikaivusha bahari hadi Unguja kwa daktari aliyeiweka, imo ndani ya kijaluba cha bibi. Risiti nilikuwa nayo, lakini kilichoniokoa ni kofia yenyewe: nzima, na jino chini yake halijaoza. Akaning'atisha karatasi ya rangi. Alama ikatokea pahala pamoja tu. Kumbe ilizidi kimo, nikitafuna inabeba uzito wote peke yake. Akaisugua kidogo, akaibandika kwa saruji mpya ya meno. Kwa kuwa kasoro ilikuwa ya kimo, si ya jino, hakunitoza. Nimelipa nauli ya boti tu.